Upande wa Pili wa Cherehani

Cherehani ya Mama Nyuzi ilikuwa haijui kunyamaza. Ilianza kulia asubuhi watoto wa shule wakipita nje. Ilipumzika mchana watu wakila. Kisha ilirudi kulia mpaka jua linapoanza kupungua. Ilikaa sebuleni, imetazama ukuta, chini kidogo ya dirisha, ili mwanga uangukie kitambaa. Mama Nyuzi alikaa mbele yake na kuupa mlango mgongo. Mteja akiingia aliona kisogo kwanza, halafu utepe wa kupimia ulioning'inia shingoni.

Chini, ubavuni mwa cherehani, ndipo palipokuwa mahali pa Nyuzi.

Nyuzi alikuwa na miaka mitatu na miezi saba. Jina hilo alipewa na bibi yake mzaa baba, aliyeishi nao, kwa sababu hata akioga vipi hakukosa uzi kichwani. Alikuwa mtoto mzuri, mwenye nguvu, mwenye usingizi mtamu. Lakini hakusema neno. Ukimwita hageuki. Mfuko wa biskuti ukifunguliwa jikoni, hapo anafika kabla ya biskuti yenyewe.

Hospitalini walimpima masikio wakakuta yanasikia vizuri. Wakamtazama akicheza. Wakawauliza wazazi maswali mengi. Mwisho daktari akasema mtoto ana usonji. Akaeleza kwamba ubongo wa mtoto kama huyu hupokea sauti, watu na mambo kwa njia yake tofauti. Hakuna aliyemsababishia. Si malezi mabaya, wala hauambukizi.

Bibi hakuridhika.

"Mimi nasema ni hiyo cherehani," alisema. "Mtoto ataongea saa ngapi, na mashine inaongea kutwa?"

"Mama, daktari kasema si kosa la mtu."

"Sikusema kosa la mtu. Nimesema la mashine."

Mama Nyuzi alicheka, akaendelea kukanyaga. Lakini siku moja kicheko kilimwisha.

Siku hiyo Nyuzi alikuwa amevaa gauni jipya, la buluu, lenye kola nyeupe. Mama yake alikuwa amelimalizia asubuhi hiyohiyo. Tangu avae, mtoto hakutulia. Alikuja, akaushika mkono wa mama, akauvuta. Mama akadhani anataka gurudumu la cherehani lizungushwe, maana alilipenda sana. Akalizungusha. Nyuzi akalia. Akampa kibiringo cha uzi. Kikatupwa. Bibi akaleta maji. Yakamwagwa. Bibi akaleta biskuti. Ikatupwa, na hiyo haikuwahi kutokea katika nyumba ile.

"Leo mke mwenzangu kaamka na nani?" bibi aliuliza. Ndivyo alivyomtania mjukuu wake siku zote.

Nyuzi alilia mpaka wakati wa kuoga. Mama alipomvua gauni, akaona mistari mitatu myekundu shingoni, chini ya kola. Akapapasa kitambaa. Ndani ya mshono mlikuwa na pini. Pini yake mwenyewe, aliyoisahau alipokuwa anashikiza kola.

Alikaa chini na ile pini kiganjani.

"Hakuweza kuniambia, mama," alimwambia mkwewe. "Leo ni pini. Kesho likiwa tumbo? Likiwa jino? Nitajuaje panapomuuma?"

Bibi aliichukua pini, akaenda kuichomeka kwenye mto wa pini, nayo akaichomeka kwa nguvu kama anayeiadhibu.

*

Baada ya siku mbili akaja mhudumu wa afya wa mtaa. Watu walimwita Dada Mkoba, kwa sababu ya mkoba wake mkubwa wa kahawia aliotembea nao nyumba kwa nyumba. Safari hii hakuja kikazi. Alikuja na sketi ya sare yake.

"Fundi, sketi imegoma kufunga."

"Sketi imepungua au mwenye sketi kaongezeka?"

"Sketi imefuliwa vibaya. Andika hivyo."

Walicheka. Mama Nyuzi akampima kiuno, akaandika kwenye daftari la vipimo. Kisha, bila kupanga, akamsimulia habari ya pini.

Dada Mkoba hakukimbilia kusema pole. Aliuliza, "Siku hiyo alikuvuta mkono mara ngapi?"

"Kutwa nzima."

"Basi alikuwa anaongea kutwa nzima. Kwa sasa mkono wako ndio mdomo wake. Ila wewe ulisikia jambo moja tu, gurudumu."

Mama Nyuzi aliacha kuandika. Hilo hakuwa amelifikiria.

"Sikulaumu," Dada Mkoba aliongeza upesi. "Mimi mwenyewe nisingejua, kama nisingepelekwa kwenye mafunzo. Tulifundishwa jinsi ya kuwasaidia wazazi wa watoto wenye usonji. Hebu nikuulize. Akija mteja mpya, unaanza na nini? Mkasi?"

"Mkasi tena? Niharibu kitambaa cha watu? Naanza na vipimo."

"Basi na huyu ni mteja. Kabla ya kumfundisha, mpime. Kwa siku tatu usimwambie 'sema' wala 'nitazame'. Mwangalie tu. Anatazama nini? Mikono yake inafanya nini? Anafurahi lini? Uandike."

Alipoondoka, Mama Nyuzi alifungua ukurasa mpya wa daftari. Kurasa nyingine zilikuwa na bega, kifua, kiuno, urefu. Huu ulikuwa mtupu. Akatazama chini ubavuni mwa cherehani, akajiona kama anamwona mtoto wake kwa mara ya kwanza.

Siku ya kwanza aliandika: *Anatazama gurudumu. Hatazami sindano wala kitambaa. Likisimama anagusa mkono wangu. Hagusi gurudumu lenyewe.*

Kwa nini halizungushi mwenyewe? Mkono wake unafika. Jambo hilo lilimkaa kichwani hata alipokuwa anapika.

Siku ya pili hakuweza kuvumilia. Akamwomba jirani yake aje akanyage cherehani kidogo. Yeye akajilaza sakafuni, kando ya Nyuzi, kichwa kwa kichwa, akatazama juu.

"Lo," akasema polepole.

Kutoka pale chini, gurudumu lilikuwa kitu kingine. Mwanga wa dirisha ulipita kwenye matundu yake, ukakatikakatika, ukarusha vidoa vyeupe ukutani. Vidoa vilikimbia, vikapungua mwendo, vikasimama, vikakimbia tena. Miaka yote hiyo alishona pale, na hakuwahi kuviona.

Bibi alitokea jikoni. Akashika kifua.

"Jamani, mkwe wangu kaanguka."

"Sijaanguka, mama. Natazama."

"Unatazama nini huko chini?"

"Njoo uone."

"Kwa magoti haya? Nikishuka huko mtanipandisha kwa kamba."

Jirani alicheka, mguu ukateleza, cherehani ikasimama. Nyuzi akageuka. Akakuta uso wa mama yake pale pale, karibu na wake. Akautazama kidogo, kama mtu aliyemkuta mgeni kitandani kwake. Kisha akaushika mkono wa mama, akauinua kuelekea gurudumu.

Mama Nyuzi aliandika: *Nikishuka alipo, ananiona.*

*

Dada Mkoba alipokuja kuchukua sketi, alisoma ukurasa ule mara mbili.

"Vipimo vyako ni vizuri kuliko vyetu vya zahanati," alisema. "Sasa tazama ulivyokaa. Wewe unatazama ukuta. Yeye yuko ubavuni. Akitaka kukuona, anaona kiwiko. Tugeuze hii mashine."

Waliivuta cherehani mbali na ukuta, watu wawili, huku bibi akitoa amri kutoka mlangoni. Wakaweka kigoda kidogo upande wa pili, karibu na gurudumu. Nyuzi akakaa. Sasa akitazama gurudumu, nyuma yake ulikuwepo uso wa mama.

"Nimwinue kidevu anitazame?" Mama Nyuzi aliuliza.

"Hapana. Wapo ambao kutazama macho kunawachosha, hata kunawatisha. Kaa tu mahali ambapo akipenda kukuona, ni rahisi. Sasa, kazi ikisimama, mcheze. Sindano haitamchoma?"

"Nitalegeza kifungio cha gurudumu. Lizunguke lenyewe, sindano isitembee."

"Vizuri. Lizungushe kwa mkono. Sema neno moja tu: 'zunguka'. Si hotuba, neno moja. Lisimamishe. Kisha ngoja. Hesabu mpaka kumi. Chochote atakachofanya, akikugusa, akitoa sauti, akikutazama, akigonga meza, kichukue kuwa amekujibu. Sema 'zunguka' kwa niaba yake, ulizungushe hapohapo."

"Asipofanya kitu?"

"Zungusha, mjaribu tena. Usimnyime mpaka aseme. Ni mchezo, si mtihani."

Dada Mkoba akarudi baada ya wiki moja. Kabla hajapiga hodi, alisikia sauti ndani.

"Moja... mbili... tatu..." Hiyo ilikuwa ya Mama Nyuzi.

"Nne! Tano! Sita!" Hiyo ilikuwa ya bibi, kutoka jikoni.

Nyuzi alikuwa kwenye kigoda chake, ameziba masikio kwa viganja viwili.

"Mnahesabu nini?" Dada Mkoba aliuliza.

"Si ulisema mpaka kumi?"

Dada Mkoba aliweka mkoba chini. Alicheka mpaka akaketi, akaketi mpaka akavua viatu.

"Moyoni, fundi. Moyoni. Unamwachia kimya apate nafasi ya kufikiri. Nyinyi kimya chake mmekijaza namba."

"Ungesema mapema," bibi alilalamika. "Mimi sauti imekauka wiki nzima."

Walijaribu tena papo hapo. Mama Nyuzi alizungusha. "Zunguka." Akasimamisha. Akaweka mikono mapajani, akafunga mdomo. Hakuwahi kujua kumi ni ndefu namna ile. Ilipofika tatu alitamani kusema kitu. Ilipofika tano alitamani kukohoa. Ilipofika saba, viganja vya Nyuzi vilishuka kutoka masikioni. Kidole kimoja kikagusa ukingo wa gurudumu. Kisha mtoto akainua macho. Akamtazama mama, akatazama gurudumu, akamtazama mama tena.

"Zunguka," mama alisema kwa sauti ndogo. Nusura asahau kuzungusha.

"Umeliona hilo?" Dada Mkoba aliuliza. "Hapo hakuutafuta mkono. Kakutafuta wewe."

*

Kazi ngumu zaidi ilikuwa kwa bibi.

"Bibi, wewe ni hodari sana," Dada Mkoba alimwambia siku nyingine. "Na hapo ndipo penye shida."

"Una maana gani?"

"Mtoto akikohoa, umeshafika na maji. Akitazama kabati, biskuti iko mkononi mwake. Akiletewa kila kitu kabla hajaomba, ataomba nini?"

Bibi alinuna. "Kwa hiyo nimtese mjukuu wangu kwa kiu?"

"Hata kidogo. Mmiminie maji kidogo. Akimaliza, shika jagi alione, umngoje. Akiligusa, sema 'maji', mmiminie. Akianza kukasirika, mpe tu."

Siku ya kwanza bibi alimimina mpaka pomoni, kwa mazoea. Siku ya pili alijizuia. Siku ya nne alikuja sebuleni anatamba.

"Mke mwenzangu kaniagiza maji mara sita. Nyumba hii sasa ina bosi."

Hata baba yake Nyuzi alijifunza. Alikuwa mpaka rangi wa majumba, na alirudi nyumbani na madoadoa mpaka kwenye nyusi. Zamani akifika alimkalia mtoto kooni: "Sema baba. Sema baba. Haya, ba, ba." Mtoto alikimbia. Sasa aliketi mkekani, akanyoosha mkono. Nyuzi alibandua doa moja la rangi. Baba akauficha mkono nyuma, akangoja. Nyuzi akasogea, akampapasa kiwiko. "Mkono," baba akasema, akauleta. Ilikuwa njia ya polepole sana ya kuoga, lakini hakuna aliyelalamika.

Na lilikuwepo kopo.

Bibi alikuwa na dawa ya kuchua magoti, ndani ya kopo la njano la bati. Kila jioni kabla ya kula alijipaka. Nyuzi aliupenda mlio wa kifuniko kikifunguka. Dada Mkoba aliona hilo.

"Bibi, kwani goti lako linauma kweli?"

"Nalipaka kwa mapambo?"

"Basi unapolipaka, ligonge kwa kidole, useme 'inauma'. Kila siku vilevile. Wewe, fundi, mtoto akijikwaa, gusa palepale alipoumia useme 'inauma'. Asikie neno wakati maumivu yapo. Ndiyo utajua siku moja panapomuuma."

Bibi alilifanya goti lake kuwa mchezo wa kuigiza. Aligonga goti, akakunja uso, "Inauma." Akapaka, akashusha pumzi. Baada ya wiki kadhaa Nyuzi alianza kumletea kopo mwenyewe. Baadaye alianza kushika kidole cha bibi na kukipeleka gotini. Bibi akikosea makusudi na kupaka kiwiko, mtoto alikirudisha kidole mahali pake, kwa uso wa mtu mwenye kazi nyingi.

Miezi mitatu ikapita. Wale wa nje wangesema hakuna kilichobadilika. Nyuzi alikuwa bado hajui kusema jina lake. Kwenye gurudumu alitoa sauti moja, "zu", siku nyingine hakuitoa. Lakini daftari la vipimo lilikuwa limejaa kurasa tisa.

*

Ikafika wiki ya kufungua shule. Sare zilijaa mpaka kwenye kiti cha baba. Mwalimu mkuu mwenyewe alikuja, akasimama karibu na cherehani, anasubiri mashati manne ya mwisho.

"Fundi, gari linaningoja nje."

"Hili ni la tatu, mwalimu. Bado moja."

Cherehani ililia kwa kasi. Hapo Nyuzi akatokea kwa bibi. Hakukaa kwenye kigoda. Alizunguka cherehani, akaja upande wa mama, akaweka kitu juu ya shati jeupe. Lilikuwa kopo la njano.

Mama Nyuzi alitaka kulisogeza. Mkono ukafika kwenye kopo, ukasita.

Akainua mguu. Cherehani ikanyamaza.

"Fundi," mwalimu alisema.

"Naomba dakika moja, mwalimu."

Akamgeukia mtoto. Akashuka kwenye kiti, akapiga magoti juu ya vipande vya kitambaa. Akahesabu moyoni. Moja. Mbili. Tatu.

Nyuzi akamshika kidole. Mama alingoja kidole kiende kwenye gurudumu. Hakikwenda. Kilipita gurudumu, kikapita kopo, kikapanda mpaka kwenye sikio la kushoto la mtoto, na Nyuzi akakikandamiza hapo. Kisha akamtazama mama yake. Akabaki anamtazama.

"Inauma," mama alisema. "Hapa. Sikio linauma."

Nyuzi aliegemeza kichwa begani kwake. Paji la uso lilikuwa la moto.

Mwalimu alivua miwani, akaifuta. "Nenda naye," alisema. "Shati moja halizuii shule kufunguliwa."

Bibi alikuja mbio kwa namna ya magoti yake. "Tumpake?"

"Hapana, mama. Hii ni ya magoti tu. Sikio ni la kupeleka zahanati."

"Basi kopo aende nalo. Alilichagua mwenyewe."

Zahanati haikuwa mbali. Tabibu aliwasha kitochi chake, akachungulia sikio la kulia, kisha la kushoto. Nyuzi alilibana kopo kifuani, lakini alikubali.

"Limeanza kuvimba kwa ndani," tabibu alisema. "Mmewahi. Wengine wanakuja usaha umeshatoka. Nitawapa dawa, mmalize zote hata akionekana amepona." Akasoma kadi ya mtoto, akakunja uso. "Hapa imeandikwa haongei. Ameanza kusema?"

"Bado," Mama Nyuzi alijibu.

"Sasa mmejuaje ni sikio?"

"Ameniambia."

Tabibu alimtazama mama, akamtazama mtoto. Nyuzi hakuwa na habari naye. Alikuwa ameinama, anachunguza kiti cha tabibu. Kilikuwa kiti cha duara, chenye mguu mmoja wa chuma, kile kinachozunguka. Nyuzi akaweka kiganja ukingoni mwa kiti. Akainua macho kwa tabibu, akayashusha kwenye kiti, akayainua tena.

"Anataka nini?" tabibu aliuliza, mkono wake tayari kwenye mtungi wa peremende.

"Usimpe kitu bado, daktari," Mama Nyuzi alisema. "Ngoja kidogo. Na usihesabu kwa sauti."

Tabibu hakuelewa, lakini alirudisha mkono mapajani. Nje mtu alikohoa, mlango mwingine ukafungwa.

"Zu," alisema Nyuzi.